Kokwa 23 za cheri kutoka Uturuki: zitaota Tabora?

Fundi Cherehani (Isevya, Tabora)

Habari za humu wakuu. Wakubwa wote shikamooni.

Kijana wangu anasoma Uturuki. Mwezi wa saba alipokuja likizo alinibebea cheri zenyewe, si zile nyekundu za kopo wanazopachika juu ya keki. Alizipanga kwenye bakuli la plastiki, akalizungushia fulana tatu ndani ya begi, zikafika zimebonyea kidogo ila zinalika. Jamani! Nina miaka hamsini na mbili, nimekula maembe ya kila aina, zambarau, mbula, ntalali, lakini lile tunda sijui nilifananishe na nini. Ukiling'ata linakatika, halimung'unyiki, kisha maji yanaruka. Yalirukia kitenge cha mteja wangu kilichokuwa mezani, doa halikutoka, ikabidi ninunue kingine.

Nikakusanya kokwa, zilikuwa 31. Nane nikazipanda mwezi wa nane kwenye vifuko vya miche, udongo wa kichuguu nimechanganya na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Namwagilia asubuhi na jioni kama mtoto mchanga anayenyonya. Leo tuko mwezi wa kumi na mbili, kimya. Juzi uvumilivu ukanishinda, nikafukua moja. Iko vile vile nilivyoizika. Haijaoza, haijapasuka, inanitazama tu. Hizo 23 nyingine zimo kwenye bahasha, kwenye droo ya cherehani.

Halafu kuna hili la pili. Mwaka juzi nilinunua mche kwa kijana anayeuza miti barabarani, akaniapia ni cheri. Elfu nane. Nimeupanda nyuma ya bafu unapokunywa maji ya kuogea, sasa unanifika kifuani, ua sijaona. Mwanangu alipouona akacheka, mama umepigwa, huo siyo. Lakini yeye anasomea umeme, miti anaijulia wapi?

Naomba anayejua anisaidie. Hizi kokwa zinaota au nazitesa bure? Zikiota, hapa Tabora zitazaa? Na ule mche wa nyuma ya bafu ni kitu gani? Kiwanja changu ni kidogo, nina mwembe mmoja mkubwa, mipapai miwili, na mchwa wa kutosha kugawa mkoa mzima.

Kijana wa Cheyo

Mama usife moyo, endelea kumwagilia. Udongo wa Tabora haukatai kitu. Hii miembe yote unayoiona tangu Kwihara hadi mjini ililetwa na misafara, nayo haikuwa ya huku, leo nani anasema embe ni mgeni? Ongeza samadi tu.

Mzee wa Gungu (Kigoma)

Fundi, marahaba. Mwangaluka, kama bado mnasalimiana hivyo huko.

Kijana wa Cheyo, kwenye embe uko sahihi kabisa, hata Ujiji hapa ni hivyo hivyo. Ila embe alitoka kwenye joto akaja kwenye joto. Cheri ametoka kwenye theluji. Naongea kwa sababu mimi nilishapita njia hii anayotaka kupita mama, na nilipita nayo miaka sita. Kaeni, ni hadithi ndefu kidogo.

Mimi ni fundi wa injini za boti, nimestaafu. Nilikuwa na rafiki, Mkongo, aliyeishi kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Alinifundisha mengi kuhusu injini za nje, za mkono. Akapata bahati ya kuhamishiwa Marekani, wakamweka jimbo la Washington, mji unaitwa Yakima, na kazi yake ya kwanza kule ilikuwa kuchuma cheri. Mwaka 2015 mtu mmoja alikuwa anarudi, akampa kifuko cha kokwa aniletee. Zilikuwa za aina inayoitwa Bing. Rafiki yangu alipenda sana kunisimulia jina hilo, kwamba mti wenyewe ulipatikana Oregon mwaka 1875 kwenye shamba la Mmarekani mmoja, ukapewa jina la msimamizi wake wa kazi, Mchina aliyeitwa Ah Bing. Alikuwa akisema, "Umeona? Kibarua naye anaweza kubaki kwenye tunda."

Kokwa zilikuwa arobaini. Nikafanya kama wewe Fundi, nikazika kumi kwenye udongo wenye joto la Kigoma. Miezi mitano, hakuna. Nikampigia simu. Akacheka mpaka salio langu likaisha.

Ile mbegu iliyo ndani ya kokwa ina kufuli. Kwao tunda linaanguka kiangazi chao, kokwa inalala ardhini, inapitia majira ya baridi yote, ndipo inaota joto likirudi. Mbegu inahesabu baridi. Isipoihesabu inajua bado ni hatari, inabaki imefunga mlango. Kwa hiyo zile nane zako, samahani mama, hata ukizimwagilia mpaka mwanao ahitimu hazitafungua. Zisipoliwa na panya zitaoza.

Hizo 23 za kwenye droo ndizo za kuokoa. Zioshe, usibakize hata uzi wa nyama ya tunda, maana ndipo ukungu unapoanzia. Ziloweke siku nzima kwenye maji. Kisha chukua mchanga safi wa mto, uloweshe kiasi kwamba ukiukamata kwenye ngumi unashikana lakini maji hayachuruziki. Changanya na kokwa, tia kwenye mfuko wa plastiki, toboa matundu madogo mawili matatu, weka friji, chini kabisa kule kwenye mboga. Siyo kwenye friza! Friza inaua. Pale ziache miezi mitatu hadi mitano. Kila baada ya wiki mbili fungua, nusa, zitoe zenye ukungu, nyunyizia maji kidogo ukiona mchanga umekauka. Siku utakayoona kokwa imepasuka na kijikia cheupe kinachungulia, hiyo ndiyo unaipanda, sentimita tatu chini, kwenye kifuko kilicho kivulini.

Mimi kwenye zile thelathini zilizobaki niliotesha kumi na moja. Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu ni ndiyo, zinaota.

La pili ndilo litakuumiza.

Kati ya hiyo kumi na moja, baada ya masika mawili nilibaki na minne. Mchwa walichukua mingine, na mingine mizizi ilioza, maana cheri haitaki miguu iliyolowa, na Novemba mpaka Aprili huku kwetu unajua mwenyewe. Minne hiyo ikakua mwaka wa kwanza vizuri kabisa, nikaanza kuwatambia watu Gungu nzima. Mwaka wa pili ikaanza kuzubaa. Huo ndio ugonjwa wenyewe, naomba niueleze vizuri kwa sababu picha za mitandaoni hazikuonyeshi.

Mti wa cheri kwao unapukutisha majani yote, unabaki fimbo tupu, unalala. Ukiwa umelala unahesabu saa za baridi, zile ambazo hewa iko chini ya nyuzi 7 hivi lakini haijagandisha sana. Aina nyingi zinataka saa 700 mpaka 1,000, nyingine zaidi. Zikitimia, macho yote ya kwenye tawi, pale linapochipulia, yanaamka kwa pamoja, maua kwanza, kisha majani. Zisipotimia, mti haujui kama umelala au uko macho. Wangu haukupukutisha majani, ulibaki na majani ya mwaka jana yamechakaa, yana vitundu, kama nguo ya kazi. Jicho la kwenye ncha ya tawi lilifunguka, yaliyo chini yake hayakufunguka. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Mwishowe unapata tawi refu tupu, kipara, na kijifundo cha majani mwishoni kama ufagio. Hadi leo ninao mmoja hapa pembeni ya choo, una kimo changu, miaka tisa hii. Ua moja sijawahi kuona.

Nilining'iniza kipimajoto cha zebaki kwenye nguzo ya baraza. Miaka saba ya kuandika kwenye daftari, usiku wa baridi kuliko wote, mwezi wa saba, kilisoma 14. Hapa tuko usawa wa ziwa, mita 770 na ushee. Ninyi Tabora mko juu, karibu mita 1,200, usiku wa Julai mnavaa sweta, sawa, lakini hiyo ni baridi ya binadamu. Saa 700 chini ya 7 ni kama siku thelathini mfululizo mchana na usiku. Hata usiku mmoja wa hivyo Tabora hamna.

Sasa niwaambie nilichofanya, mke wangu hayupo karibu.

Ana duka dogo, na dukani kuna friji la soda, lile la mlango wa kioo. Mwaka 2020 nilichukua mche mmoja, ulikuwa kwenye ndoo ya lita kumi, urefu kama mita kasoro. Nikaunyonyoa majani yote kwa mkono, nikapunguza maji wiki mbili. Nikatoa rafu mbili za friji, nikauingiza mti. Nikatega kwenye nyuzi 5. Siku 45. Kwa hesabu ni saa 1,080, toa umeme unapokatika, tuseme 900.

Hizo siku 45 nilizijua. Watu wanakuja kununua soda wanakuta fimbo imesimama ndani ya friji kwenye ndoo. Kuna mzee mwenzangu aliuliza kama ni dawa, akataka apimiwe. Mtoto mmoja akamwambia mama yake kwamba pale dukani wanauza kuni za baridi. Mke wangu alipiga hesabu ya soda zisizopata nafasi ya kupoa, akaniandikia kwenye karatasi kama deni, na alinidai kweli.

Lakini mama, siku ya kumi na mbili baada ya kuutoa! Kila jicho. Kuanzia chini kabisa karibu na udongo mpaka juu, kila jicho lilivimba, likapasuka, kijani kibichi kinachong'aa kama kimepakwa mafuta. Wenzake watatu pale pale uani wamesinzia na majani yao chakavu. Mti ule uliongeza urefu wa mkono wangu kwa msimu mmoja. Niliita majirani kuja kuuangalia.

Maua haukutoa, ulikuwa bado mdogo. Mcheri wa kokwa unaweza kukaa miaka sita mpaka kumi kabla haujachanua hata kwao. Mwaka uliofuata mke wangu akakataa friji, na alikuwa na haki. Mti ukarudi kusinzia. Masika ya 2022 shina likaanza kutoa utomvu kama gundi ya kahawia, matone matone, ukafa.

Ndiyo maana nasema zitaota, hazitazaa. Na hata ungekuwa na chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, bado kuna vizingiti vingine. Kokwa haizai tunda la mama yake, unaweza kupata chungu, dogo, ovyo. Wanaotaka cheri nzuri wanapanda miche iliyobebeshwa, yaani tawi la mti mzuri limeunganishwa kwenye shina la mwingine. Halafu mcheri mwingi haujichavushi wenyewe, unataka jirani wa aina nyingine anayechanua siku zile zile. Ipo inayojitosheleza, kama Stella, iliyotoka Summerland, Kanada, mwaka 1968, lakini baridi inaitaka kama wenzake. Ipo pia miwili ya California, Royal Lee na Minnie Royal, inayotosheka na saa 200 hadi 300, na inachavushana yenyewe kwa yenyewe. Hata hizo 200 sisi tunazitoa wapi?

Kitu pekee ambacho cheri ingekipata Tabora bila shida ni nyuki.

Mvua nayo ni adui. Rafiki yangu aliniambia tunda likikaribia kuiva likanyeshewa linafyonza maji, linapasuka ngozi. Huko Washington wenye mashamba wanakodi helikopta, inaruka juu ya miti taratibu ili upepo wake ukung'ute maji kwenye matunda. Helikopta! Mimi nilidhani ananidanganya, akanitumia video.

Mambo mawili ya tahadhari halafu ninyamaze. Ukiotesha, mbuzi wasifike. Majani ya cheri yaliyonyauka na ile mbegu ya ndani ya kokwa vina sumu ya sianidi, usiwaache watoto wazivunje kokwa na kula za ndani. Na kijana akija tena asibebe mbegu wala mche kimya kimya kama tulivyofanya sisi. Vinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, waulizwe TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwanza. Mimi sikujua wakati ule, ila ugonjwa mmoja wa mimea ukiingia hautoki.

Kuhusu mche wa nyuma ya bafu, nenda kautazame jani, urudi uniambie. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana kwenye kijiti, au moja huku, jingine mbele kidogo upande wa pili? Pembeni ya jani kuna meno kama msumeno au ni laini? Na kwenye kikonyo cha jani, pale kinapokutana na jani, kuna vinundu viwili vidogo vyekundu kama vichwa vya pini? Kisha lifikiche, ulinuse.

Miche Bora Mikoani

Miche ya cheri tamu ipo, inastahimili joto, inazaa ndani ya miezi minane, 15,000 tu. Tunatuma mikoa yote. Njoo inboksi.

Mzee wa Gungu (Kigoma)

Mkuu, tupigie picha ya jani moja tu. Karibu, upande wa kikonyo.

Kijana wa Cheyo

Siku ya nne hii mzee. Picha haijaja.

Fundi Cherehani (Isevya, Tabora)

Mzee shikamoo tena. Nimecheka kuni za baridi mpaka nikajichoma na sindano.

Nimeenda na tochi, sikusubiri asubuhi. Majani yamekaa mawili mawili, yanatazamana. Pembeni laini, hakuna meno. Vinundu nimetafuta na miwani, hakuna. Majani mapya ya juu kabisa yana rangi kama ya shaba, nyekundu hivi. Nimelifikicha, lina harufu kali, nzuri lakini kama dawa, inaelekea kwenye mkaratusi na pilipili manga. Sasa huo ni mti gani? Na mbona sikupewa pole ya elfu nane?

Mzee wa Gungu (Kigoma)

Pole ya elfu nane. Lakini usiidai.

Mcheri wenyewe majani yake hupishana, yana meno, na vile vinundu viwili havikosi. Wako ni mtu mwingine, wa ukoo wa mzambarau na mkarafuu. Kwa maelezo yako hasa hilo jani jipya la rangi ya shaba na harufu, huo ni pitanga, asili yake Brazili na majirani zake. Wauzaji wanaita cheri kwa sababu tunda linafanana kwa mbali, na hata Wazungu wameliita cheri la Surinam, kwa hiyo kijana wako wa barabarani labda hakudanganya, alirudia alichoambiwa. Usimseme sana.

Utajua kwa uhakika siku ukichanua. Ua ni jeupe, petali nne, katikati nyuzi nyingi kama brashi. Wiki tatu hivi baadaye tunda lipo. Si la mviringo laini kama cheri, lina mbavu saba au nane, kama boga dogo lililosinyaa kwa ustadi. Linaanza kijani, linakuja rangi ya chungwa, jekundu, na mengine yanakwenda mpaka weusi wa zambarau.

Hapa nisikilize sana. Usilile likiwa la rangi ya chungwa! Lina ladha ya utomvu, kama umelamba rangi ya mbao, utaukata mti kwa hasira. Subiri liwe jekundu lililokolea, uliguse tu, liangukie mkononi lenyewe. Likikataa kuanguka, liache. Ukiyapata, yapasue, toa mbegu, nyunyizia sukari, weka friji kwa muda wa saa mbili. Ule ukali unapungua sana.

Baridi hauhitaji hata kidogo. Hayo maji ya kuogea yanausaidia kiangazi, lakini yasituame, na sabuni nyingi ya unga siyo nzuri. Weka majani makavu kuzunguka shina, yasiguse shina lenyewe maana utakuwa umewatandikia mchwa jamvi.

Dada Juisi (Ipuli, Tabora)

Nimesoma uzi wote nikiwa nauza, wateja wamenikasirikia.

Mama Fundi, mimi ningekuongezea mchongoma. Watu wanaudharau kwa sababu ya miiba na kwa sababu tumeuzoea porini, lakini tunda lake likiiva jekundu la giza ndilo jirani wa cheri kwa macho tuliye naye hapa. Lina utamu na uchachu, mbegu ndogo ndogo kadhaa badala ya kokwa moja. Watafiti wa kituo cha Tumbi hapa Tabora miaka ya nyuma walihangaika sana na matunda pori ya miombo, mtonga, mtalali, mbula na huyo mchongoma, na akina mama wakafundishwa juisi na jamu. Mama yangu alikuwemo, ndipo mimi nilipopata biashara.

Siri ya mchongoma, kuna miti dume na miti jike. Ukipanda mmoja unaweza kungoja bure, panda mitano pembezoni. Utapata uzio ambao mbuzi hapiti na mwizi hapiti, na tunda juu. Jamu yake naiuza kwenye vichupa vya asali, rangi yake hakuna aliyewahi kuuliza kama nimetia rangi ya dukani au la, wote wanadhani nimetia.

Nataka kuuliza mzee, zile cheri za kopo za keki ndizo hizo hizo?

Mzee wa Gungu (Kigoma)

Ni cheri kweli, lakini imenyang'anywa ucheri wake. Wanaiweka kwenye maji yenye dawa ya salfa mpaka inakuwa nyeupe kabisa, haina rangi haina ladha, kisha wanaijaza sukari na rangi nyekundu. Kwa hiyo mwenye kutamani cheri asianzie pale.

Mwalimu wa Manyovu (Buhigwe)

Mzee, vipi kwetu huku milimani? Asubuhi za mwezi wa sita wanafunzi wanakuja wamejifunga mablanketi.

Mzee wa Gungu (Kigoma)

Mwakeye mwalimu. Blanketi siyo kipimo, weka kipimajoto. Manyovu mko juu na pazuri, ila hamfiki huko. Ukitaka tunda la ubaridi anzia na pichi, zile zinazotaka baridi kidogo, au tufaa, haya tunayoita epo, aina ya Anna. Kule Batu, kisiwa cha Java, wako karibu na ikweta kama sisi na wanavuna matufaa kwa kunyonyoa majani yote kwa mkono baada ya kuvuna, mti unadhani umepita baridi, unachanua upya. Epo wa kudanganyika yupo. Cheri mimi nimejaribu kumdanganya kwa friji la soda, ulisikia.

Fundi Cherehani (Isevya, Tabora)

Jamani nimerudi. Ni mwezi wa nne sasa, mnisamehe, sikukuu na sare za shule zilinimeza.

Habari ya kwanza. Ule wa nyuma ya bafu ulichanua mwishoni mwa mwezi wa pili. Ua jeupe, petali nne, brashi katikati. Mzee wewe ni mganga. Umezaa kumi na tisa tu, ndege wamekula sita, mjukuu wa jirani amekula matatu ya rangi ya chungwa akatema akakimbia. Mimi nilisubiri la kuangukia mkononi. Siyo lile la Uturuki. Lina maji mengi, laini, lina ukali nyuma ya ulimi. Lakini nilikula la pili, na la tatu, nikajikuta nasimama pale nyuma ya bafu nayagusa yote kama napapasa vitambaa sokoni.

Habari ya pili, kokwa. Nilizitia friji kama ulivyosema, pamoja na ugomvi wa watoto waliodhani mfuko wa mchanga ni uchawi. Kumi nimezitupa kwa ukungu. Jana nimefungua, mbili zimepasuka! Kijikia cheupe kama jino la mtoto. Najua mzee, najua, hazitazaa. Nazipanda hivyo hivyo, kijana akija mwezi wa saba azikute.

Michongoma nimechukua mitano kwa Dada Juisi. Dada, mmoja umenitoboa vidole viwili, siku hiyo sikushona.

Mzee, nina mbegu za pitanga, nikutumie?

Mzee wa Gungu (Kigoma)

Nitumie haraka! Mbegu ya pitanga haikai, baada ya wiki nne hivi inakuwa imekufa. Usiianike juani kama ya mahindi. Ioshe, ifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, mpe mtu wa treni ya Kigoma, nitaipokea stesheni mwenyewe. Na kwenye mfuko uandike ni mbegu ya nini. Mke wangu akikuta kitu kisichojulikana ndani ya nyumba siku hizi anakipeleka nje moja kwa moja.

Fundi Cherehani (Isevya, Tabora)

Zimeondoka na treni ya jana usiku, saba, ndani ya kipande cha khanga nyekundu. Khanga nirudishie.